Gogo Lililozuiliwa Getini

Kazi yangu ni kuvusha mizigo ya watu. Pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, tunaitwa maajenti: dereva ananiletea karatasi zake, mimi nazipeleka dirishani, nagombana na wa kugombana naye, na lori linapita. Kwa hiyo siku askari wa hifadhi aliponiambia kwamba gogo langu moja la kuni haliwezi kupita geti lake, nilicheka. Nilidhani ananitania.

Hakuwa akinitania. Alikuwa kijana mstaarabu, viatu vinang'aa, na alinionyesha ubao wa masharti ukutani kwa kidole kilichonyooka.

"Mama, kuni za nje haziingii. Zinaleta wadudu kwenye msitu. Na za ndani haziokotwi. Ukitaka moto, tuna kuni zetu hapa, na utawasha pale palipozungushiwa mawe tu."

Nikitulia, naiona sheria hiyo ina maana. Nimeona vilima vizima vilivyobaki vipara kwa sababu ya mkaa, na sikumbuki aliyepanda hata mche mmoja. Lakini siku hiyo sikuwa nimetulia, na gogo lile halikuwa la kupikia.

Lilitoka Iyolwa, upande wa Uganda, nyumbani kwa mama mkwe wangu. Mwanawe, yaani mume wangu, alikuwa mpagazi. Alibeba mahema na masufuria ya watalii akapanda nayo milima, na akirudi alinisimulia jinsi watu wenye vitanda vizuri kwao wanavyolipa ili walale chini. Tulicheka mpaka machozi. Kule kwao, ukiona watu wamelala uani wameuzunguka moto, ujue kuna msiba. Aliniahidi kwamba siku moja atanipeleka mlimani, nilale nje kando ya moto bila kumlilia mtu.

Alikufa mwaka ule ambao mpaka wa nchi ulifungwa kwa sababu ya korona. Aliugua siku chache tu, akiwa kwa mama yake, na mimi nilikuwa kazini upande wa Kenya. Mizigo ilivuka, watu hawakuvuka. Siku waliyomzika nilipitisha lori la saruji. Niliweka muhuri wangu, nikalitazama likiingia Uganda, nikarudi kuketi. Na nisijifanye kwamba hapakuwa na njia. Njia za panya zilikuwepo, nazijua kuliko wengi, na wenzangu walizipita kwenda kuzika watu wao. Mimi niliogopa. Niliogopa kukamatwa, niliogopa karantini, niliogopa kupoteza leseni yangu. Nimejieleza mara nyingi, na kila nikijieleza nachukia sauti yangu mwenyewe.

Mama mkwe hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Nilipofika hatimaye alinipa mkono, akaniuliza habari za safari kama anavyomuuliza mteja wa mihogo yake, na tukaishi hivyo kwa miaka. Sukari nilileta, akapokea. Nguo nilileta, akakunja akaweka. Mpaka mwaka huu, aliponiita nyuma ya ghala akachomoa gogo lililofungwa kwa kamba ya katani. Upande mmoja lilikuwa limeungua, upande wa pili lilikuwa zima.

"Hii ni yako," alisema. "Siku ile ya kilio kila mtu alisukuma kuni yake kwa moto. Yako nilisukuma mimi, halafu nilitoa, niliweka. Wewe hukulala kwa moto ya bwana yako. Enda ulale."

Nikamwambia tuliwashe hapo hapo uani, nilale hata siku tatu. Alinikodolea macho.

"Hapa? Moto ya kilio ilishazimwa. Unataka kuita kifo ingine?"

Ndipo nilipoukumbuka mlima na ile ahadi. Sikujua pengine ambapo mtu mzima anaweza kulala nje kando ya moto bila majirani kuja kuuliza nani amefariki. Nikalitia gogo kwenye gunia, nikasafiri.

Basi hapo getini nilitumia ujuzi wangu wote. Nilimuuliza askari kama gogo lililokauka miaka yote hiyo lina mdudu gani. Nilimwomba mkubwa wake, hakuwepo. Nilimweleza la marehemu, akaniangalia kwa huruma ya kweli, na jibu likawa lile lile.

"Mama, pole sana. Lakini liache hapa, kesho utalichukua. Na uko peke yako? Hema la mtu mmoja?" Aliuliza hivyo mara mbili, kana kwamba mjane kulala peke yake nako ni kosa lililosahauliwa kuandikwa kwenye ubao.

Nikaliegemeza gogo ukutani, nikapanda. Mimi ninayedai stakabadhi hata ya karatasi moja, sikudai chochote.

Huko juu nilikuta vijana waliotoka mjini na spika kubwa kama jiko. Ubao ulikataza muziki, muziki ulipigwa. Ubao ulisema moto ndani ya mawe; wao waliwasha mwingine kwenye majani ili waupige picha. Chupa zilitupwa popote. Askari wa doria alipita, akawaambia wapunguze, wakapunguza mpaka alipoondoka. Sheria ambayo haikuiweza spika ilikuwa imeliweza gogo langu, kwa sababu mimi nilisimama getini nikaomba ruhusa. Kuni za hifadhi sikuzigusa. Ningewasha moto wa nani? Niliingia hemani mapema, nikajifunika hadi kichwani.

Asubuhi niliteremka mbio. Ukutani hapakuwa na kitu. Nyuma ya kibanda askari wengine, wa zamu mpya, walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakichemsha chai juu ya mafiga, na kati ya mafiga lilichomoza gogo langu. Lilikuwa limebaki urefu wa mkono hadi kiwiko. Kamba ya katani ilikuwa chini.

Nilipiga kelele. Sikumbuki niliyoyasema, najua hayakuwa ya Kikristo. Mmoja wao alisimama na kikombe mkononi, amepigwa na butwaa.

"Mama, hatukujua. Ilikuwa imewekwa hapo tu. Hakuna mtu alituambia."

Na kweli hakuna aliyewaambia. Hasira ikakosa pa kwenda. Nilimpita, nikakaa kwenye kigoda chake, nikalishika lile gogo upande uliobaki, nikalisukuma ndani ya moto. Hakuna aliyenizuia.

Simu ikalia. Mama mkwe hana kawaida ya kunipigia.

"Imewaka?"

"Imewaka, Mama."

"Ni wewe uliwasha?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na mimi kwa kazi yangu najua kuupanga. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Hapana, Mama. Walinizuia kwa geti. Nimekuta wengine wamewasha. Nimesukuma mwisho tu."

Nikamsikia akipumua.

"Hata siku ile," alisema, "ungekuja mwisho tu, tungekupa pahali ya kukaa."

Akakata simu. Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka gogo likaisha, na askari wakanywa chai yao wamesimama.