Breki ya nyuma ilivyokuwa ikiniishia kila mwezi, nikamsingizia fundi wa Kombani

Wakuu, hamjambo.

Juzi nimeona mtu humu akilalamika kwamba breki ya nyuma ya pikipiki yake inaisha haraka, na karibu comments zote zinasema fundi wake ni mwizi. Nikaona nikinyamaza nitakuwa na dhambi.

Hii ni yangu mwenyewe, sijaitia chumvi. Hata sehemu zinazoniaibisha sijazipunguza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka uliofuata zile mvua za El Niño. Mimi ni mwanamke wa Makueni, na wakati huo nilikuwa nimeletwa Kwale na mradi mmoja wa mifugo. Kazi yangu ilikuwa kuchanja kuku.

Ndiyo, kuku. Cheka umalize, nakungoja.

Kila asubuhi nilifunga cool box ya chanjo nyuma ya pikipiki, nikateremka ule mlima kutoka Kwale mjini mpaka Kombani, kisha nikashika barabara ya Ukunda hadi Msambweni. Siku nyingine nilifika mpaka Kibuyuni. Chanjo ikipata joto njiani huwa maji matupu, kwa hiyo nilikuwa na haraka siku zote.

Wanawake wenye pikipiki barabara ile tulikuwa mmoja. Mimi.

Ofisini, mkuu wa magari na pikipiki alikuwa Bwana Simiyu, mtu wa bara kama mimi, mwenye kalamu tatu mfukoni na memo kwa kila jambo. Siku aliponikabidhi pikipiki alinikabidhi na buti za kazi, namba kumi. Mimi navaa tano. Nilipomwambia, akanijibu kwamba zimeletwa za size moja, wanaume wote wanazivaa bila maneno, nivae soksi mbili.

Nikavaa soksi mbili. Nikajaza magazeti kule mbele. Nikatembea kama bata kutoka store mpaka ilipoegeshwa pikipiki, na maisha yakaendelea.

Sasa kwa wasiojua, breki ya nyuma ya pikipiki zile ina vyuma viwili ndani ya drum, ile bakuli ya chuma katikati ya gurudumu, na mafundi wanaviita viatu vya breki. Ukikanyaga pedali ya mguu wa kulia, vinatanuka na kusugua drum mpaka gurudumu linasimama. Vya wenzangu vilikaa karibu mwaka.

Vyangu vya kwanza vilikaa wiki tano.

Vya pili, wiki nne.

Vya tatu vilipoisha, Bwana Simiyu alileta memo kwenye mkutano, akaisoma mbele ya ofisi nzima. Alisema breki haziishi zenyewe. Alisema rider ni mwoga, anakanyaga breki kila akiona kivuli, na kwamba pikipiki apewe mwanamume, mimi nitafutiwe baiskeli.

Baiskeli, wakuu. Kutoka Kwale mpaka Msambweni na chanjo ya barafu.

Niliogopa kwelikweli. Bila pikipiki kazi ile isingekuwepo, na nilijua nikinyang'anywa mimi, mwanamke mwingine hatapewa tena. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najikunja.

Nikamtupia lawama fundi.

Pikipiki zetu zilitengenezwa na Fundi Nassoro, mzee wa Kidigo mwenye banda la makuti pale sokoni Kombani. Nilisimama mkutanoni nikasema anatuwekea viatu vya breki vilivyokwisha tumika. Sikuwa na ushahidi hata punje. Halafu nikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti yangu ya mwezi, kwa Kiingereza kizuri, ili ionekane ni kweli.

Ofisi ikaacha kumpelekea pikipiki. Wenye pikipiki wengine pale mjini wakasikia, nao wakaacha.

Kombani ni mahali padogo, habari ilimfikia. Nilipopita nilimwamkia shikamoo, kwa sababu huwezi kumpita mzee wa pwani kimya. Aliitika marahaba mwanangu, kisha akaendelea na kazi yake. Hakuwahi kuniuliza. Afadhali angenitukana.

Breki za nne zikafungwa na fundi mwingine mjini. Wiki tatu tu, pedali ikaanza kulegea.

Hapo Bwana Simiyu akatangaza kwamba atapanda nyuma yangu mwenyewe mpaka Msambweni, aone kwa macho yake ninavyoendesha. Akaja na kofia ngumu na daftari. Nilimwambia breki imelegea. Akasema huo ndio uoga anaousema, twende.

Tukaanza kuuteremka mlima.

Katikati nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Bwana Simiyu akasema ni watu wanachoma takataka. Tukakata kona, harufu ikaja nasi. Tukakata nyingine, ikaja tena. Nikakanyaga breki ya nyuma, pedali ikazama mpaka mwisho, na pikipiki haikuwa na habari.

Nikapunguza gia, nikabana breki ya mbele kidogo kidogo kama mtu anayekamua ndimu. Nyuma yangu daftari lilianguka. Kisha mikono miwili ikanizunguka kiunoni, na mkuu wangu wa kazi akaanza kumwita marehemu nyanya yake kwa jina.

Tulifika chini salama. Pikipiki ilijikokota mpaka Kombani, gurudumu la nyuma likakwama kwa joto, na ikasimama kabisa, wakuu, mbele ya banda la Fundi Nassoro. Sikupachagua. Ndipo ilipoishia.

Fundi alimalizia kwanza kazi ya baiskeli aliyokuwa nayo. Alifuta mikono. Akaja.

Kabla hajasema kitu, nyuma yetu ikasimama pickup ya mikate ya Ukunda. Dereva wake alishuka, akamwamkia mzee, akanigeukia na swali ambalo inaonekana alikaa nalo kwa miezi.

"Dada, samahani. Mbona taa yako ya breki huwaka kutoka Kwale mpaka Msambweni haizimi? Sisi tulidhani ni sheria ya wanawake."

Fundi Nassoro akaniangalia, halafu akaiangalia taa. Akaniambia nikae juu ya pikipiki vile ninavyokaa safarini. Nikakaa. Taa ya nyuma ikawaka.

Akaniambia nitoe mguu kwenye breki. Nikamwambia sijakanyaga kitu, na nilikuwa nasema kweli kabisa.

Mzee akachuchumaa, akabonyeza ncha ya buti yangu kwa kidole gumba. Ikabonyea ndani. Mlikuwa hamna mguu mle. Ncha tupu ya buti namba kumi ilikuwa imeilalia pedali ya breki, na vidole vyangu viko kule nyuma havina habari.

Akanivua ile buti, akaanza kutoa magazeti. Yakatoka. Yakaendelea kutoka. Wauza mihogo wakaacha biashara wakaja kutazama. Mama mmoja akauliza kama na mchele umo.

"Kumbe viatu vyako ndivyo vinavyokula viatu vya breki," fundi akasema, taratibu tu.

Soko lilicheka mpaka dereva wa mikate akalazimika kukaa chini. Bwana Simiyu alikuwa anaitazama buti ile kana kwamba hajapata kuiona. Hakuna aliyemwuliza nani aliiagiza, lakini uso wake ulijibu.

Mimi sikucheka. Nilisimama na mguu mmoja wa soksi, nikamwomba mzee radhi mbele ya watu wale wote. Nikamwambia nilimsingizia kwa sababu niliogopa kunyang'anywa kazi.

Fundi akanirudishia buti yangu.

"Mimi nimekusamehe zamani, mwanangu. Lakini wewe uliandika. Basi andika."

Nikaandika. Ripoti ya mwezi ule niliisoma kwa sauti mkutanoni, magazeti na yote, na Bwana Simiyu akatia sahihi bila kuongeza neno. Nakala nilimpelekea fundi, naye akaibandika kwenye nguzo ya banda. Pikipiki za ofisi zikarudi. Wale wengine walirudi polepole, wawili hawakurudi kabisa, na hilo bado ni langu.

Pikipiki sikunyang'anywa. Buti za namba yangu hazikuja kamwe, niliendesha na raba mpaka nilipohama.

Kwa hiyo ndugu yangu wa ule uzi wa juzi: mwombe mtu akufuate nyuma aitazame taa. Ukishuka, sogeza mkono karibu na drum usikie kama ina joto. Halafu kaa kwenye pikipiki unavyokaa kila siku, fundi akuone.

Na nyie wengine, kama uliwahi kumsema fundi vibaya kisha ukagundua ni wewe, tuambie hapa ilikuwaje. Kama bado hujamwomba radhi, weka simu chini uende kwanza. Ukirudi, utuandikie alikujibu nini.