Nyumba Niliyoivunja Kasungami

Mwanangu, siku ile haijanitoka mpaka leo: mama mkwe wangu amesimama katikati ya kiwanja changu kipya kule Kasungami, amevua kandambili, anakanyaga majani kwa nyayo tupu, anakanyaga tena, halafu ananitazama. Ulikuwa mwezi wa tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la tano, nimeolewa mwaka mmoja tu, na Lubumbashi nzima hakuna aliyejua mambo kunishinda. Ndivyo nilivyodhani. Usicheke, nawe una ugonjwa huohuo, nakuona.

Ngoja nikueleze tulifikaje pale. Ngoy, mume wangu, alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, kama baba yake kabla yake. Tulipanga chumba kimoja komini ya Kenya, wilaya ya hapahapa mjini, jiko tunagawana na majirani watatu, na choo ni cha kupanga foleni. Nikasema basi, imetosha, tutafute parsele yetu, kiwanja chetu wenyewe. Tukazunguka mji mzima juani. Unaijua Lubumbashi ya mwezi wa tisa: zaidi ya miezi minne mbingu haijadondosha hata tone, vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya sufuria ya bukari, ugali wetu, pori limechomwa na wawindaji wa panya, midomo imepasuka. Kila parsele tuliyoonyeshwa ilikuwa kavu kama kigae, na nyingine zimekaliwa na kichuguu kikubwa kuliko nyumba, kile tunachokiita kyulu, ambacho kukivunja ni kazi ya mwezi mzima. Halafu tukafika Kasungami. Uwanja tambarare, udongo mweusi, hakuna kyulu hata kimoja, na majani mabichi! Mwezi wa tisa, majani mabichi! Nikamshika Ngoy mkono nikamwambia Mungu ametuonyesha Kanaani yetu.

Mama mkwe alikuwa akiishi na kulima kwenye mteremko wa hukohuko Kasungami tangu alipofiwa na mumewe. Hakusoma darasa hata moja. Tulimwita aje kubariki kiwanja, na mimi moyoni nilikuwa nimeshaandaa masikio kwa sifa.

"Mwalimu," akasema mwishowe, maana jina langu alikuwa halitumii, "muji yote imekauka. Juu ya nini hapa majani iko mabichi?"

"Udongo wake ni muzuri, Mama."

"Hapana. Maji iko chini, imelala. Mwezi ya kwanza itaamuka. Mutafute kule juu, karibu na kyulu. Muchwa haijengake mu maji."

Sasa sikia ujinga wangu, mwanangu, na uniombee. Badala ya kunyamaza, nilimfundisha jiografia! Nilimwambia mama mzima, aliyenizalia mume, kwamba mji wetu umekaa juu, zaidi ya mita elfu moja kupita bahari. Kwamba maji yote ya huku hushukia mto Kafubu, na Kafubu hushukia mto Luapula, kwa hiyo hayana sababu ya kukaa kwenye parsele yangu. Nilisema hivyo kwa sauti ileile ya darasani, kidole juu. Ngoy akatazama miguu yake. Mama akavaa kandambili zake taratibu, mguu mmoja, halafu mwingine.

"Kitabu yako ilipita hapa mwezi gani?" akaniuliza. Kisha akaondoka.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini ujanani mtu huona guu lenyewe ni la chuma. Tukajenga. Kwa kuwa tulitaka kuiwahi mvua, hatukungoja kuchoma matofali, tukajenga na matofali mabichi ya udongo uleule mweusi. Jakaranda za mjini zikachanua, zikapukutika, joto la mwezi wa kumi likatukaanga, na mvua ya kwanza ilipogonga bati letu jipya nilipiga vigelegele peke yangu mlangoni. Krismasi tulikula kwetu. Salon yangu, yaani sebule, ilikuwa na viti vinne na pazia la kufuma, na niliifagia mara tatu kwa siku, maana haikuisha utamu.

Mwezi wa kwanza ukaja. Ilinyesha siku tatu mfululizo, ile mvua yetu isiyo na haraka, inayonyesha kama mtu anayefanya kazi ya zamu. Siku ya tatu, mchana, natoka shuleni, namkuta Ngoy ameinua godoro kichwani, amesimama ndani ya maji mpaka magotini. Maji hayakuingia mlangoni, mwanangu. Yalipanda kutoka chini, sakafuni, kimya, kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeshapiga magoti. Nikakaa juu ya meza nikalia. Nililia kwa uchungu, na nililia zaidi kwa aibu, kwa sababu kupitia dirishani nilimwona mama mkwe anakuja kwenye mvua, kitambaa kimeganda kichwani, kwapani ana mzigo wa vijiti vya muhogo aliotaka kupanda siku ile.

Nilijua atakachosema. Mtu yeyote angekisema. Mimi ningekisema!

Hakukisema. Alinishika mkono akaniteremsha mezani. "Acha kulia. Maji inasema sasa, na haitasema tena mpaka mwaka kesho. Weye unajua kusoma. Kuya inje, tusome."

Tukatoka. Alinipa nusu ya vijiti, akanionyesha: pale maji yanapoishia, pale ardhi inapoanza kushika mguu, choma kijiti. Sogea hatua kumi, choma kingine. Yeye akashika ng'ambo moja ya maji, mimi ng'ambo ya pili. Tulianzia barabarani, tukapita parsele ya Papa Kasongo, mchoma matofali, tukapita za watu wengine, mpaka kijito kile kinachoshukia Kafubu. Majirani walikuwa wanaokoa vyungu na kuku wao. Wakatuona wanawake wawili tunapanda muhogo kwenye mafuriko, wakasema mke wa Ngoy akili imemruka, na amemwambukiza mama mkwe. Nilitetemeka kwa baridi. Lakini nakwambia ukweli, machozi yalikauka. Mtu akipewa kazi ya maana, huzuni hukosa mahali pa kukaa.

Tulihamia kwake kule mteremkoni, Ngoy na mimi, na kwa miezi mitano sikufungua mdomo kumfundisha mtu yeyote mwenye mvi. Nyumba yetu ilibaki nusu: salon na chumba kimoja, vimesimama, vimeinama kidogo. Nilikuwa naenda kuvitazama kila Jumapili baada ya misa. Viti vyangu vinne vilikuwa bado humo.

Mwezi wa sita, baridi imeshika, moshi unatoka midomoni asubuhi kama sote tunavuta sigara, majani ya mabondeni yameanza kufifia, na mtu angeapa kwamba pale hapajawahi kupita tone. Watu wameshaanza kuziba nyufa na kusahau. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo. Lakini sisi tulikuwa tunaziba ufa mahali ambapo ukuta haukutakiwa kabisa. Ila vijiti vyetu vilikuwa vimechipua! Mbuzi walikula baadhi, vingine vikaoza, lakini vilivyobaki vilinifika kiunoni, mistari miwili ya kijani inayoshuka kutoka barabarani mpaka kijitoni, na katikati yake njia ya maji imeandikwa, mtoto wa darasa la kwanza angeisoma.

Na njia hiyo ilipita katikati ya salon yangu.

Hapo ndipo nilipojaribiwa, mwanangu, si kwenye mafuriko. Maana nilikuwa nimeshawaita majirani wa avenyu nzima, mtaa wetu wote, kwa salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, tuchimbe mfereji kabla ya mvua kurudi. Nilikuwa nimechora ramani nzuri, ya rangi mbili. Na kwenye ramani hiyo, mfereji ulipofika kwangu, ulipinda. Kidogo tu. Ulizunguka salon yangu kwa adabu, kisha ukaendelea.

Watu walipokusanyika, Papa Kasongo aliishika ramani, akaigeuza, akaangalia muhogo, akaangalia ramani. Alikuwa mtu wa utani, lakini siku hiyo hakutania: mkewe alikuwa amejifungua mapacha, hata mwezi hawajamaliza. "Mwalimu, mufereji yako ni muzuri sana," akasema. "Hapa inapozunguka salon yako, maji ikikataa kurudi mu njia yake, itaingia kwa nani?"

Watu wote wakageuka kuitazama nyumba yake. Ilikuwa ng'ambo ya pale palipopindishwa, na mbele yake nepi za mapacha zimeanikwa kwenye kamba.

Nilitaka kumjibu. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nayo siku zote. Nikamtazama mama mkwe, aliyekuwa ameketi juu ya tofali, nikidhani atanisaidia au atanigombeza, lolote lile. Akaangalia pembeni. Maji hufuata mkondo, na mkondo niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaingia kwangu, nikatoa viti, kimoja kimoja, nikatoa pazia, nikalikunja. Nikachukua lukasu, jembe letu la mkono, nikaipiga salon yangu ukutani. Lo! Mara ya kwanza halikuingia hata inchi. Unadhani ukuta ule ulinionea huruma? Mara ya pili tofali likatoka.

Ngoy alisimama, sura imembadilika, nikadhani amekasirika. Alivua koti la karakana akalitundika kwenye muhogo, akaja akasimama karibu nami, akapiga. Halafu nikasikia sepetu nyuma yetu: Papa Kasongo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilipogeuka, avenyu nzima ilikuwa na kitu mkononi, hata mwenye sufuria ya kuchotea udongo. Saa sita mchana salon haikuwepo tena, na hakuna aliyeuliza tena kama mfereji upinde.

Tulichimba kila Jumamosi mpaka vumbi la mwezi wa tisa. Papa Kasongo alichoma matofali, na mara hii tuliyangoja yaive. Nyumba yangu tuliisimamisha upya upande wa juu wa kiwanja, nje ya mstari wa muhogo, juu ya msingi wa mawe unaonifika gotini. Ndogo kuliko ya kwanza. Niliogopa kuipenda.

Mwezi wa kwanza ukarudi na mvua yake ya siku tatu. Siku ya tatu mchana hakuna aliyekaa ndani. Watu wazima, mifuko ya plastiki kichwani, tumejipanga kando ya mfereji kama tunamngoja askofu. Yakaja! Maji mekundu, mazito, yenye povu, yamebeba takataka za mji mzima, viatu, matawi, chupa. Yakashuka kwa kishindo, yakapanda ndani ya mfereji, yakapanda, yakabakiza vidole vinne kufika ukingoni. Mke wa Papa Kasongo alikuwa amembeba pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na hakusogea. Yakafika pale palipokuwa salon yangu, mwanangu, yakapita! Yakapita moja kwa moja, hata salamu hayakutoa, yakaenda zake Kafubu!

Yee! Kelele zilizopigwa siku ile, nadhani zilisikika mpaka mtaa wa Hewa Bora. Papa Kasongo aliruka akaanguka kwenye matope, akainuka, akaruka tena. Wanawake vigelegele. Mimi niliyefagia salon mara tatu kwa siku nilicheza kwenye tope mpaka kitenge kikawa na uzito wa mtu. Nikakimbia nyumbani kugusa sakafu yangu. Ilikuwa kavu. Nikaenda kwa jirani, kavu. Nyumba kumi na moja, sakafu kumi na moja kavu! Mama mkwe aliniona nikitoka ya mwisho, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Leo njo siku umefundisha," akaniambia.

Mwanangu, nimepata vyeti maishani, na kimoja kimewekwa kwenye fremu. Vyote havifikii neno hilo.

Basi nikuambie ninachotaka ukishike. Mji huu una sura mbili, ya vumbi na ya maji, na anayekuuzia kiwanja atakuonyesha sura moja tu. Nenda mwezi wa kwanza, chafua viatu. Ndivyo pia utakavyomtazama mchumba, na rafiki, na kazi unayosifiwa: ngoja mvua yake inyeshe. Vitabu soma, mimi nimekula mkate wa vitabu. Lakini ukimkuta mzee ambaye mguu wake umeikanyaga nchi hii misimu sitini, funga kitabu kidogo umsikilize. Aibu ikikupata, usikae mezani kulia; toka nje ukaandike kinachokupata kingali kinakupata, maana jua likiwaka utajidanganya. Na kubwa kuliko yote: siku njia iliyo sawa itakapopita katikati ya nyumba yako, usiipindishe kwa jirani. Shika jembe uwe wa kwanza. Watu hawafuati ramani, mwanangu, hata iwe na rangi mbili. Wanamfuata aliyeanza na ukuta wake.

Mungu akupe masikio kabla hujapewa nyumba. Akupe majirani wenye majembe, na moyo wa kuwaita. Mvua zote za Katanga zinyeshe juu ya bati lako, wala isiingie hata moja kulala kwako. Na watoto wako wakue wakiisikia usiku, wageuke upande wa pili, walale.