Mizunguko Tisa na Mbavu za Mama

Waya wa kopa hupakwa vanishi, na ukiichoma vanishi hiyo ili waya ushike risasi ya kulehemu, inatoa harufu kali kama kwato za mbuzi zilizotupwa motoni. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu ya mbao kule Murera nilipokuwa na miaka kumi. Nyumba za wenzetu zilinuka moshi na githeri, mahindi na maharagwe. Yetu ilinuka vanishi, na siku nyingine ilinuka damu, maana damu ikiwa nyingi hunuka, asikudanganye mtu.

Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mambo ya redio nitayaeleza kama nilivyoyashika kwa vidole. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo Thika. Bosi wake, mzungu wa ndevu nyekundu, alikuwa mmoja wa wale watu wanaojitengenezea redio na kuongea na wenzao wa ng'ambo, si kwa kazi, kwa kupenda tu. Alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia baba redio ya kusikilizia pamoja na ahadi: kila Jumamosi saa tisa mchana atamwita kwa jina. Baba akimsikia, aandike barua aeleze alichosikia, naye atamtafutia kazi huko. Baba akatandaza waya mrefu kutoka paani hadi kwenye mti wa mukima mpakani mwa shamba, akaanza kungoja.

Sasa, ule waya wa antena na kebo inayoingia kwenye redio havipatani. Ukiviunga hivi hivi, sauti nyingi hupotelea pale kwenye kiungo. Katikati unaweka transfoma, yaani pete ndogo nyeusi iliyozungushiwa waya, mizunguko tisa upande wa antena, mitatu upande wa redio. Pete baba aliipata kwa wauza vyuma kuukuu wa Ruiru, Ruiru ya wakati ule, mashamba ya kahawa tupu, sitaki hata kuanza kuisimulia. Waya tuliufumua kwenye mota iliyoungua. Baba alikuwa na vidole vinene, viwili vilishaliwa na mashine, basi kazi ya kuzungusha ikawa yangu.

Jumamosi ya kwanza redio ilinguruma tu, na mama akapigwa kwa mkanda. Ya pili ikanguruma, akapigwa kwa mguu wa kiti. Baba alisema ni mama anayepitapita karibu na waya. Mimi kwa akili yangu ya kitoto nikaona kwamba mbavu za mama ziko mikononi mwangu, ndani ya ile pete. Nikiifunga sawa, hatapigwa.

Jumamosi ya tatu asubuhi baba akaikagua kazi yangu. Nilikuwa nimehesabu mizunguko inayoonekana kwa nje. Pete haihesabiwi hivyo. Unahesabu kila mara waya unapopita ndani ya tundu, hata ukipita moja kwa moja bila kuzunguka, hiyo ni moja. Basi tisa yangu ilikuwa kumi. Baba akanibana mkono mezani akanigonga vifundo kwa koleo.

"Kumi! Nani alikutuma kumi?"

Mama akajitupa katikati. "Baba Ciru, mimi ndiye nilimwita akapotea hesabu. Nipige mimi."

"Wewe usiwe na haraka, nakuja."

Akaja kweli. Jioni nilimkanda mama kwa maji ya chumvi nikamwambia, "Maitu, nitaipata." Alikuwa ameshika jino lake kiganjani. Akasema, "Ipate, Ciru, kabla sijaanza kuishi kwa uji."

Wiki hiyo, baba akienda kazini, nilipima. Nilisikiliza stesheni moja pete ikiwa imefungwa hivi, kisha vile, nikifungua na kufunga, mpaka nikaona kosa. Baba alikuwa amefunga mwisho wa waya zote mbili za pete kwenye msumari mmoja uliochimbiwa ardhini, na mngurumo wa mashine ya posho ya jirani ulikuwa ukipandia hapo. Nikazitenganisha. Upande wa antena nikaupa msumari wake mwenyewe, mbali, chini ya mukima. Upande wa redio ukabaki na kebo yake, waya hizo mbili zikikaa kwenye pete moja bila kugusana. Nikawasha. Jirani anasaga mahindi, redio imetulia tuli. Ngai! Tulicheka na mama mpaka mbavu zake zikamkataza.

Jumamosi ya nne, saa tisa, sauti ya mzungu ikaingia kana kwamba amekaa mezani kwetu. Baba alikuwa na penseli. Mama alisimama mlangoni akitabasamu, pengo likionekana. Yule mtu aliongea na mwenzake kuhusu mvua, kuhusu mbwa wake mgonjwa, kuhusu bustani. Baba alitufasiria mwanzoni tu. Baada ya nusu saa mzungu akaaga. Jina la baba hakulitaja hata mara moja.

Baba akazima redio polepole. Akakunja karatasi. Akamgeukia mama.

"Wewe unacheka nini?"

Alimpiga kuliko Jumamosi zote tatu zikiwekwa pamoja. Alimgonga kichwa kwenye kona ya meza, akampiga mateke akiwa chini. Na redio ilikuwa safi. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimewekwa tayari kwenye jiko la makaa, kimeiva chekundu. Nilikichukua nikakibandika shingoni mwa baba, na sikukitoa mara moja, nitasema ukweli. Alipoanguka akipiga mayowe, nilimwinua mama tukatoka tulivyo, tukatembea hadi kwa dada yake Ruiru. Hatukurudi.

Siku hizi Murera ni ploti na nyumba za kupangisha. Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu Juja, anafunga pete kama zile, anazipima kwa kidude kinachoandika namba. Juzi nilimfungia moja, akasema, "Cucu, umezidisha," akafumua, akaendelea kunywa chai.

Ghorofa ya juu yangu kuna kijana anayempiga mkewe. Wanawake kwenye bomba la maji wanasema amefutwa kazi, wengine wanasema ni pombe. Mimi sitafuti tena sababu. Wiki jana nilipanda ngazi na magoti yangu haya nikagonga mpaka akafungua.

"Cucu, haya ni mambo ya nyumba."

Nikamtazama msichana aliyekuwa sakafuni nyuma yake. "Vaa viatu, mwanangu," nikamwambia. "Twende."