Kabla Gia Haijalia

Kaka yangu anaamini kuwa chombo kinachofanya kazi hakiguswi. Mimi naamini kuwa chombo kinachofanya kazi ndicho cha kuguswa, maana kikishakufa unachogusa ni maiti. Tumebishana juu ya jambo hili tangu ujana wetu na sasa sote tuna mvi, wala sioni dalili ya kupatana. Lakini mara moja tu, wiki ile ya harusi yangu, nilimshinda, na ushindi ule nausimulia kila nikipata wa kunisikiliza.

Vita vilikuwa vimekwisha. Nilikuwa nimerudi Kisauni kutoka jeshini, ambako kazi yangu yote ilikuwa kuendesha malori, na tukanunua, kaka na mimi, lori moja la jeshi lililochoka. Tulibeba nazi, makuti na mihogo kutoka Utange na kwingineko tukavipeleka mjini kisiwani. Lilikuwa bovu la sura na zuri la tabia. Kaka alilipenda kwa kulisugua mpaka ling'ae. Mimi nililipenda kwa kulitilia shaka. Kila nilipolala nilikuwa nikisikiliza kichwani ni chuma gani kilichobadilisha sauti siku ile.

Mchumba wangu alitoka huko juu, ng'ambo ya Mazeras, kwa watu wa kanisa kama sisi. Mambo yote yalikuwa yamekwisha kusemwa na wazee. Ndoa ingefungwa kanisani kwao asubuhi ya Jumamosi, kisha lori letu lingemleta bibi harusi mpaka Kisauni, kwenye kijumba nilichojenga ubavuni mwa nyumba ya kaka. Aliyebaki na neno ni bibi yake, mama wa baba yake, ambaye sote tulimwita hawe kama mabibi wanavyoitwa kwao. Nilikwenda kumwamkia, akaitikia marahaba, halafu akasema neno lake.

"Mjukuu wangu wa kwanza alipoolewa, gari liliwafia njiani. Akaingia kwa mumewe kwa miguu, viatu mkononi, na mpaka leo wakimchokoza humwita bibi harusi wa vumbi. Huyu simtoi hivyo. Miguu yake ikigusa mchanga kabla ya mlango wako, narudi naye."

Nikangoja acheke. Hakucheka. Mchumba wangu aliyekuwa amekaa kando naye hakucheka, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Nilimpenda msichana yule hata nikawa nasahau kula, na sasa ndoa yangu ilikuwa imewekwa juu ya magurudumu.

Niliporudi nilimwambia kaka kwamba kabla ya Jumamosi nitapima oili ya gia, na ikibidi niimwage yote nitie mpya. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya mwendo ambao watu huanza kufikiria oili ile. Kaka alikuwa akifuta kioo. Hakugeuka.

"Gia inalia?" aliniuliza.

"Hailii."

"Basi anayelia ni wewe."

Nikamweleza tuliyofundishwa jeshini na sajini mmoja aliyekuwa mkali kuliko pilipili. Alikuwa akisema gia haina mdomo wa kuomba, na ukiisikia inalia ujue imeshakula meno yake yenyewe. Lori ulilonunua kwa mtu hujui lilinyweshwa nini, kwa hiyo unaanza kwa kuangalia, wala hungoji. Kaka akajibu kwamba mgonjwa huchinjiwa kuku, mzima hachinjiwi, na kwamba mtu anayefungua tumbo la lori zima siku chache kabla ya harusi yake anatafuta sababu ya kukimbia. Lile la kukimbia liliniuma. Nilikasirika nikaingia chini ya lori, nikalegeza nati ya ubavuni mwa sanduku la gia, nikachota oili kidogo kwa kipande cha waya mpaka nikapata ya kufunika kitako cha kikombe cha bati.

Niliipeleka mwangani. Ilikuwa imepauka, rangi ya kijivu. Nikaisugua kati ya vidole, ikateleza vizuri. Kaka akachungulia akasema oili ya jeshi ndiyo rangi yake. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa jeshini. Akasema basi ningekuwa naijua. Tukafuatana hivyo tukibishana mpaka uani, ambako mkewe alikuwa akipika mahamri ya wateja wake wa asubuhi.

Shemeji yangu alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa akiwa anafanya jambo jingine. Alitusikiliza huku akigeuza mahamri. Mwishowe akauliza hasa tunachogombania ni nini, nikamwambia mimi nahofu oili ina maji na mumewe anasema haina.

"Sasa hilo la kugombana?" akasema. "Mafuta yenye maji hayana siri. Yatie motoni yatasema yenyewe."

Nikanyoosha kikombe kuelekea karai. Alinipiga mkono kwa kijiko. Karai lake lisingeguswa na uchafu ule hata kama anayeoa angekuwa mwanawe wa kumzaa. Akaokota kifuniko cha debe kuukuu, akakiweka juu ya makaa pembeni, akangoja kipate moto, kisha akaniambia nidondoshe.

Nikadondosha. Oili ikatambaa juu ya bati, ikatulia, ikaanza kutoa moshi. Kimya. Nikamwona kaka anaanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande anaoutumia kwangu tu. Kisha bati likaanza kupiga kelele, pa, papa, pa, na matone yakaruka yakatuchoma mikono kama mahindi ya bisi. Ili kutenda haki shemeji alichukua oili mpya kutoka kopo nililokuwa nimenunua, akaidondosha upande wa pili wa kifuniko. Ile ikafuka moshi ikalala kimya mpaka mwisho.

Sasa swali likawa moja, maji yameingiaje mahali palipofungwa kwa nati. Nilifikiri kwa muda mfupi tu. Kila Jumapili baada ya ibada kaka alikuwa na desturi ya kulipeleka lori kuoga. Alilishusha kijitoni, akaliingiza majini mpaka milangoni, akavua shati akalisugua huku akiimba nyimbo za kanisani, na watu wakipita wakimsifu. Nami nilijua kuwa sanduku la gia lina kitundu chake cha kupumulia. Likiwa na joto la safari ukalizamisha ghafla kwenye maji baridi, huvuta pumzi, na pumzi ile huingia na maji.

Nilipomaliza kueleza, shemeji aliweka kijiko chini. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe ulikuwa ukilinywesha," akamwambia mumewe.

"Nilikuwa nikilisafisha," akasema kaka.

"Umelisafisha mpaka matumbo."

Kaka naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Mahamri ya siku ile yalinuka oili iliyoungua, na wateja waliuliza kama shemeji ametia iliki ya aina mpya. Lakini sikujali. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeonekana mwoga, akagundulika kuwa na macho.

Ijumaa tuliifanya kazi pamoja. Nililiendesha lori mpaka Utange na kurudi ili oili ipate moto na kulegea, kisha tukalala chini yake migongo mchangani, tukafungua nati ya chini. Iliyotoka ilifanana na chai ya maziwa iliyolala. Ilikuwa na vumbi la chuma linalometameta, kidogo, si la kutisha. Niliingiza kidole kupitia tundu la ubavuni nikapapasa meno niliyoweza kuyafikia. Yalikuwa mazima, makali kama ya mtoto. Niliwaza yangekuwaje baada ya mwezi mwingine wa kunyweshwa kijito, nikamshukuru Mungu kwa sauti, chini ya lori pale pale.

Kaka aliniuliza polepole kama tungengoja mpaka gia ilie ingekuwaje. Nikamwambia ingelia Jumamosi, juu ya mlima, mbele ya hawe. Yeye mwenyewe ndiye aliyetia oili mpya, kwa uangalifu mkubwa, mpaka ikafurika ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la ubavuni, dalili kwamba sanduku limeshiba.

Majirani walikuwa wameshasikia kwamba tunamwaga mafuta. Wakaja na vikopo na chupa, maana oili chafu ni dawa ya mchwa, na Kisauni mchwa hula nyumba kuliko mvua. Nasi hatukuinyima. Iliyobaki nikapaka nguzo za mlango wa kijumba changu, moja baada ya nyingine, nikijivuna kwamba mke wangu atakuta nyumba isiyoliwa.

Jumamosi lori lilipanda mlima wa Mazeras kwa sauti nene isiyokatika. Kanisani nilijibu maswali ya mchungaji nikiwa na furaha hata nikajibu moja kabla hajalimaliza, na watu wakacheka. Kisha tukapakia. Wanawake na waimbaji nyuma, kaka kwenye usukani, bibi harusi na hawe mbele kando yake. Mimi bwana harusi nilisimama kwenye ubao wa mlangoni, nimeshika dirisha, sikio langu likiwa kwa gia na jicho langu kwa mke wangu.

Tulishuka kwa gia ndogo, ikatushika bila kuteleza. Tukapita Changamwe, tukapita kisiwani watu wakitupungia mikono. Tatizo lilikuwa daraja la Nyali. Siku hizo lilikuwa daraja la kuelea, na maji yakitoka hushuka pamoja nayo, ukabaki na mpando mkali wa kutokea upande wa bara. Tulifika maji yakiwa yametoka kabisa. Kaka akasimamisha lori, akawaomba wa nyuma washuke watembee ili kupunguza uzito. Wakashuka. Kisha akamtazama hawe.

"Mimi nitashuka," akasema hawe. "Huyu hashuki."

Akashuka kweli, na mkongojo wake, akasimama kando ya mbao kututazama. Mimi nikaenda nyuma ya gurudumu na kipande cha gogo, tayari kulizuia. Kaka akaingiza gia ya kwanza. Iliingia bila mkwaruzo wowote, kama kijiko kwenye uji. Lori likapanda mbao zikigonga, likafika nusu, likapunguza mwendo, nami nikainama na gogo langu. Gia ikashika. Likatoka juu, likasimama barabarani, na kaka akatoa kichwa dirishani akaniita kwa jina la utani la utotoni, jina ambalo hakuwa ameniita tangu nimetoka vitani. Waimbaji wakapiga vigelegele hawajui wanashangilia nini. Nilitaka kulia na sikuona haya.

Nyumbani kaka alilirudisha lori kinyumenyume mpaka nyuma yake ikakaribia mlango wangu. Mke wangu akapitishwa juu ya lori kutoka mbele mpaka nyuma, akateremshwa kwenye kizingiti bila kugusa mchanga. Ili asianguke alishika nguzo kwa mkono mmoja, akajitua, kisha akanishika bega kwa mkono ule ule.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba oili haikauki.

Kiganja chake chote kilikuwa kimetapakaa oili. Begani mwa shati langu jeupe, lililoshonwa kwa ajili ya siku ile tu, palikuwa na mkono mzima, vidole vyote vimejitandaza. Hawe akasogea polepole, akainama, akainua pindo la gauni la mjukuu wake, akamgeuza kiatu kimoja akatazama soli, akageuza na cha pili. Vyote viwili vilikuwa vyeupe kama vilivyotoka dukani. Akainuka, akautazama mkono, akalitazama bega langu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka.

"Nilisema miguu," akasema. "Mikono sikuitaja."

Kisha yeye mwenyewe akaanza vigelegele.

Kaka bado husema tulikuwa na bahati tu. Mke wangu husema nguzo zile nilizipaka makusudi. Shati halikutakata kwa sabuni yoyote, nami sikuhuzunika. Bado ninalo, na mkono wake bado uko begani.