Dawa za Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa maneno mengi, waulize majirani zangu wa Buswelu. Lakini mbele ya mama mkwe nakuwa bubu. Kwetu Wasukuma mkwe humsogelei ovyo. Hata kwenye kivuko cha Kamanga, nilipokwenda kumchukua, yeye alikaa mbele, mimi nikasimama nyuma na mizigo yake. Alikuwa anaumwa, na mke wangu ndiyo kwanza kajifungua. Nani mwingine angempeleka hospitali?

Safari ya kwanza nilikwenda dirisha la dawa peke yangu. Mfamasia, binti wa umri wa mdogo wangu, akanieleza bila kupepesa macho: "Hizi si za kumeza, kaka. Ni za kuweka ukeni, wakati wa kulala. Mweleze vizuri, maana umesema Kiswahili chake kidogo." Nikaitikia kama mtu mwenye akili. Nilipofika kwenye benchi nikamkabidhi mama kwa mikono miwili, macho ukutani, nikasema kwa Kisukuma, "Ni za usiku." Basi. Jamani, neno lile ningelitolea wapi? Na mke wangu nikamwambia kila kitu kimeelezwa.

Dawa zikaisha, ugonjwa ukabaki pale pale. Tukarudi. Daktari akaniuliza kama mama alimaliza dozi, nikasema alimaliza. Akakunja uso, akaandika rufaa aende kupimwa kansa. Nikampigia mke wangu simu, akalia, nami nikamtuliza. Mnafiki mkubwa mimi.

Tulipopita dirishani kuchukua dawa za maumivu, yule binti akaisoma rufaa, akamwamkia mama shikamoo, kisha akaniambia, "Muulize zile za kwanza alizitumiaje." Nikajifanya sijasikia. Akarudia kwa sauti, watu wa foleni wakageuka. Nikamuuliza. Mama akainua mkono, akaupeleka mdomoni.

Yule binti akanigeukia.

"Kaka, kwani ulimwambia nini?"

Nikainamisha kichwa. Akasema rufaa isubiri kwanza, anakwenda kuongea na daktari, halafu atamtafuta muuguzi anayejua Kisukuma amweleze mama chumbani. Mimi nibaki nje. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

Mama aliponiona nimeinamisha kichwa, akamgeukia yule binti, akasema maneno machache kwa Kisukuma, taratibu.

"Anasemaje?" mfamasia akaniuliza.

Ikabidi nitafsiri. "Anasema nisigombezwe. Anasema alijua si za kumeza, zilikuwa zinamkwama kooni. Ila angemuulizaje mkwe?"