Maksai wa Umekichi na Ndege za Melini

Kiwanda kimoja cha Nagoya kiliweza kuunda ndege ya vita ya kuruka kutoka juu ya meli, ila kuifikisha kwenye uwanja wa ndege kulikishinda. Barabara ya kutoka Nagoya ilikuwa mashimo matupu, na lori liliitikisa ndege hadi ikapinda. Ndipo wakamwita Umekichi, mkulima wa mpunga, na maksai wake wawili. Ndege ilifunguliwa vipande, ikapakiwa mkokotenini, ikafunikwa turubai, naye akatangulia na kamba mkononi, mwendo wa jongoo, siku nzima na zaidi.

Miaka ikapita hivyo. Hakuwahi kuiona hata moja ikiruka. Akishashusha mzigo, hugeuza mkokoteni. Mwanawe Teruo ndiye aliyeziona, maana alikuwa fundi wa ndege hizo hizo melini.

Asubuhi moja ya baridi ofisa wa kijiji alileta kisanduku kilichofungwa kitambaa cheupe, cha kuletea majivu ya askari aliyekufa. Meli ya Teruo ilikuwa imezama miezi mingi nyuma. Ndani mlikuwa na karatasi yenye jina la Teruo, basi. Hatsuno, mkewe Umekichi, alikiweka mbele ya picha za wazee wao, akapakua wali wa shayiri, wakala. Kisha Umekichi akaenda zizini.

"Baba Teruo, hata leo?" Hatsuno akamwuliza.

"Wameshafunga mzigo."

"Si watafute mwingine."

"Hawa maksai hawamjui mwingine."

Njiani aliungoja uchungu. Haukuja. Alichohisi ni ukali wa kamba na vidole vya miguu vilivyokufa ganzi. Penye daraja la mto Kiso, Nagase, mhandisi aliyesindikiza mzigo, akampa pole. Alikuwa ameshasikia kwa walinzi wa kiwandani.

Umekichi akamwuliza, "Hii inakwenda meli gani?"

"Mzee, hayo hatuulizani." Wakatembea kidogo. Nagase akasema kwa sauti ya chini, "Na meli zenyewe zimebaki ngapi?"

Umekichi akawavuta maksai, wakavuka.

Aliendelea kubeba ndege hadi kiwanda kilipopigwa mabomu. Vita vilipokwisha, zilizosalia uwanjani zikachomwa moto, naye akarudi shambani kwake.

Mwaka wa sita wa amani, wakipanda mpunga, alisimama ghafla katikati ya tope, akalia kama mtoto. Hatsuno alimpokea miche iliyokuwa mkononi, akaendelea na mstari wa mumewe hadi ukingoni.