Shangazi Jukwaani

Kila nisikiapo harufu ya polishi nyekundu ya sakafu, namkumbuka shangazi yangu, aliyepooza miguu tangu utotoni. Alialikwa kwenye ukumbi mmoja wa Tononoka, uliosuguliwa ukang'aa siku ile, awaeleze watu kwamba mlemavu naye aweza kuongoza. Wanaume wawili walimpandisha jukwaani na kiti chake cha magurudumu. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Kisha pilau ikapakuliwa uani, wote wakatoka. Tukabaki sisi wawili juu ya jukwaa.

“Shangazi, niwaite?”

“Waache, mwanangu. Wana njaa.”

Tulingoja mpaka tukasikia sahani zikioshwa. Hapo akajiteremsha, akashuka ngazi kwa makalio, nami nikikiburura kiti nyuma yake.

Nje walikuwa bado wakimsifu.